Mashine na Mwanafunzi wa Kihispania

Lugha haikai katika kitabu. Hukaa kinywani na sikioni, na kitabu ni mfano wa mtungi: huhifadhi maji, lakini si kisima. Kwa sababu hiyo kila mwalimu wa lugha ya kigeni, tangu zamani, amesumbuliwa na shida moja. Yeye yuko peke yake mbele ya darasa, wanafunzi ni wengi, na saa ya somo ni fupi; walakini kila mwanafunzi anahitaji kusikia, kujaribu, kukosea, kusahihishwa na kujaribu tena. Kama kipindi ni cha dakika 40 na wanafunzi ni 40, kila mmoja ana dakika moja ya kusema, tena kwa sharti kwamba mwalimu mwenyewe asifumbue kinywa. Hesabu hii ndogo, msomaji wangu, ndiyo asili ya historia ninayotaka kukusimulia. Ni historia ya watu waliotafuta mashine ya kumsaidia mwalimu huyo.

Nimechagua somo la Kihispania la wanaoanza, kwa sababu mbili. Kwanza, Kihispania ni lugha ya mama kwa watu wanaokaribia milioni 500. Huzungumzwa katika nchi yake ya asili, Hispania, na katika nchi nyingi za Amerika kutoka Meksiko hadi Chile. Na hata katika bara letu imo Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru mwaka 1968, ambako ni lugha ya serikali. Pili, Marekani, ambako kompyuta zilianza mapema kutumiwa katika mafundisho, ni jirani ya Meksiko, na Kihispania ndiyo lugha ya kigeni inayosomwa na wanafunzi wengi kuliko nyingine zote katika shule za nchi hiyo. Kwa hiyo karibu kila chombo kipya kilichobuniwa kwa ajili ya lugha kilijaribiwa, mapema au baadaye, katika darasa la Kihispania.

Tuanze kabla ya kompyuta. Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha angani mwezi wa kwanza uliotengenezwa na wanadamu, ukaitwa Sputnik. Marekani ilishtuka. Viongozi wake waliona kwamba wamepitwa katika sayansi, na pia kwamba vijana wao hawajui lugha za mataifa mengine. Mwaka 1958 ilipitishwa sheria ya kusaidia elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa, na sehemu ya fedha zake ikatumiwa kununulia shule maabara za lugha. Maabara hiyo ilikuwa chumba chenye vibanda vidogo vidogo, na katika kila kibanda mwanafunzi mmoja aliyevaa visikizio masikioni. Tepu ilisema sentensi ya Kihispania, ikanyamaza kidogo, mwanafunzi akaikariri, kisha tepu ikasema tena sentensi ile ile kwa usahihi, ili mwanafunzi ajipime. Walimu wa wakati ule waliamini kuwa lugha ni mazoea, na mazoea huja kwa kurudia.

Yalikuwa mawazo yenye maana, maana hakuna aliyejua kuogelea bila ya kurudia mapigo yale yale majini. Lakini chombo chenyewe kilikuwa na kasoro kubwa: tepu ilikuwa na kinywa, haikuwa na sikio. Mwanafunzi aliyesema vibaya na aliyesema vizuri walijibiwa mamoja. Tangu mwaka 1965 uchunguzi mkubwa ulifanywa katika shule za jimbo la Pennsylvania, kwa wanafunzi wa Kifaransa na Kijerumani, ili kupima faida ya maabara hizo. Ilionekana kwamba kuzitumia mara mbili kwa juma hakukuleta tofauti ya kuonekana katika maarifa ya wanafunzi. Fedha nyingi zilikuwa zimetumika, na vibanda vingi baadaye viliachwa vikapata vumbi. Hapo tunapata fundisho la kwanza: chombo hakifundishi kwa sababu kimenunuliwa.

Wakati tepu zikizunguka katika vibanda, jambo jingine lilikuwa likitendeka katika Chuo Kikuu cha Illinois. Mwaka 1960 mhandisi kijana, Donald Bitzer, pamoja na wenzake, alianza kuifanya kompyuta iwe mwalimu. Mtambo wao uliitwa PLATO. Mwanzoni ulimhudumia mwanafunzi mmoja tu; lakini ulikua awamu baada ya awamu, hata ilipofika mwaka 1972 ulikuwa umeingia awamu ya nne, na mamia ya vituo vilivyotawanyika katika vyuo na shule vikaunganishwa na kompyuta moja kubwa. Kila kituo kilikuwa na kibodi na kioo bapa kilichowaka kwa rangi ya machungwa. Kioo hicho ni cha aina iliyobuniwa mwaka 1964 na Bitzer mwenyewe pamoja na Gene Slottow na Robert Willson, nacho ni babu wa vioo bapa vya televisheni vilivyoenea miaka mingi baadaye. Mwanafunzi aliweza hata kujibu kwa kukigusa kwa kidole.

Fikiri jinsi mwanafunzi anayeanza Kihispania alivyofaidika na mtambo kama huo. Swali linatokea juu ya kioo; anaandika jibu; na kabla hajashusha pumzi kompyuta imekwisha kulisoma. Haikusema tu kwamba jibu ni sawa au si sawa. Iliweka alama chini ya neno lililokosewa herufi, alama nyingine chini ya neno lisilohitajiwa, na nyingine tena mahali palipopungua neno. Mwalimu wa kawaida hukusanya madaftari leo na kuyarudisha keshokutwa, wakati mwanafunzi amekwisha kusahau alichokuwa akifikiri alipoandika. Kompyuta ilimsahihisha wazo lingali moto. Tena haikuchoka, haikukunja uso, wala haikumcheka mtu mbele ya wenzake. Kwa mtoto mwenye haya hii si faida ndogo.

Walakini kompyuta hiyo nayo ilikuwa na upungufu, na upungufu wake ulikuwa kinyume cha ule wa tepu. Iliweza kusoma, lakini haikuweza kusikia. Iliyajua majibu ambayo mtungaji wa somo aliyatazamia, na jibu zuri lisilotazamiwa ililihesabu kuwa kosa. Mwanafunzi aliweza kumaliza masomo yote ya vitenzi, akapata alama nzuri, kisha akakutana na Mmeksiko njiani akabaki kimya kama gogo.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 ulijaribiwa mtambo wa pili, ulioitwa TICCIT. Uliletwa na shirika la MITRE pamoja na wataalamu waliohusika na Chuo Kikuu cha Brigham Young katika jimbo la Utah, ambako baadaye ulitumika hata kwa lugha. Waliouunda walikusudia mwanafunzi ajiongoze mwenyewe: achague kanuni, mfano au zoezi kwa kubonyeza kitufe, na aende kwa mwendo wake. Mtambo huo ulipopimwa katika vyuo viwili, kwa masomo ya hisabati na Kiingereza, matokeo yalikuwa ya ajabu. Waliofika mwisho wa kozi walifanya vizuri kuliko wenzao waliofundishwa kwa desturi ya kawaida. Lakini wangapi walifika? Katika hisabati, waliomaliza kozi kwa mashine walikuwa kama 16 katika kila 100, na waliomaliza kwa mwalimu walikuwa kama 50 katika kila 100.

Tafadhali zitazame tena hesabu hizo, kwa sababu zimerudi mara nyingi katika historia hii kwa sura mbalimbali. Mashine ilimfaa sana mwanafunzi ambaye tayari alikuwa na nia na nidhamu. Yule aliyelegea, aliyekata tamaa, aliyefikwa na msiba nyumbani, mashine haikumfuata kumwuliza kulikoni. Uhuru wa kwenda kwa mwendo wako ni pamoja na uhuru wa kusimama njiani, na wengi walisimama. Mwalimu hufundisha somo, lakini pia huona kiti kilicho kitupu.

Sasa nikueleze jambo la herufi moja, ambalo huenda likakupendeza kwa kuwa nasi tuna mfano wake. Kihispania kina herufi ñ, ambayo ni n yenye kiwimbi juu ya kichwa chake. Ilizaliwa katika Enzi za Kati, wakati waandishi wa vitabu, kwa kubana nafasi, walipoandika n moja yenye alama badala ya n mbili. Hivyo neno la Kilatini annus, maana yake mwaka, likawa año. Ukiiondoa alama hiyo, mwanafunzi anayetaka kusema kwamba ana miaka 15 atajikuta ametamka neno lisilotajwa mbele ya wazee. Hali kadhalika alama ya mkazo: papá ni baba, bali papa ni kiazi, hablo ni nasema, bali habló ni alisema. Kwa Mhispania alama hizi ni sehemu ya mwili wa neno.

Lakini Wamarekani walipopanga, mwaka 1963, orodha ya alama ambazo kompyuta zao zingetumia kupelekeana habari, orodha yenye nafasi 128 tu, hawakuweka ñ ndani yake, wala á wala é. Orodha hiyo ilitosha kwa Kiingereza, na waliopanga walikuwa wakifikiri kwa Kiingereza. Ikaenea duniani. Kwa miaka mingi mwalimu wa Kihispania aliyetaka kutumia kompyuta alipaswa kutafuta hila. Mtambo wa PLATO uliruhusu watungaji wa masomo kujichorea herufi zao wenyewe, na hiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Mashine nyingine nyingi zilimlazimisha mwanafunzi kuandika lugha iliyokatwa viungo, na kisha kuadhibiwa na mwalimu kwa kuikata.

Wahispania hawakulinyamazia jambo hili. Tangu mwaka 1985 serikali yao ilitaka vyombo vya kuandikia vinavyouzwa nchini viwe na herufi ñ. Mwaka 1991 Jumuiya ya Ulaya ilipinga, ikisema kwamba sharti hilo linazuia biashara huru. Akademia ya Kifalme ya Kihispania, iliyoasisiwa mwaka 1713, ilipaza sauti. Na mwandishi mashuhuri wa Kolombia, Gabriel García Márquez, alisimama kuitetea herufi hiyo. Mwezi wa Aprili 1993 serikali ya Hispania ilitoa amri ya kuilinda, ikitegemea kifungu cha mkataba wa Maastricht kinachohifadhi utamaduni wa mataifa. Herufi ikabaki. Wakati huo huo wataalamu walikuwa wametunga orodha pana zaidi, na tangu mwaka 1991 ilianza kuchapishwa orodha ya Unicode, inayokusudia kuzipa nafasi herufi za lugha zote.

Ukicheka ukisema kwamba watu wazima waligombania kiwimbi, kumbuka lugha yetu. Katika Kiswahili ng'oa ni kutoa mti pamoja na mizizi yake, na ngoa, bila ya kile kialama, ni wivu na tamaa. Kama mashine ingetengenezwa na watu wasiokijua kialama hicho, wakakifuta kwa kudhani ni uchafu wa karatasi, tungelalamika kwa haki. Lugha ambayo wenyewe hawaisemei haitasemewa na watengenezaji wa mashine.

Na turudi darasani. Katika miaka ya 1980 kilipatikana chombo kipya, santuri inayotunza picha za sinema, ambayo kompyuta iliweza kuirukia mahali popote kwa muda mfupi. Walimu wa Kihispania wa Chuo Kikuu cha Brigham Young waliitumia kutengeneza somo waliloliita Montevidisco. Mwanafunzi alitiwa katika mji wa kubuni wa Meksiko. Mtu juu ya kioo alimtazama usoni akamwuliza swali kwa Kihispania. Naye akachagua la kujibu. Jibu alilochagua lilimpeleka njia yake, na jibu jingine lingempeleka njia nyingine. Hapo kosa halikuwa tena alama nyekundu. Aliyejibu hovyo alijikuta mahali asipopataka, kama mgeni yeyote anayejibu hovyo katika mji wa watu.

Katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts nako, ambako mradi mkubwa wa kompyuta ulioitwa Athena ulianzishwa mwaka 1983, walimu walitunga hadithi ya Kihispania yenye jina No recuerdo, maana yake Sikumbuki. Iliigizwa mjini Bogotá, nchini Kolombia, na mhusika wake alikuwa mwanasayansi aliyepotewa na kumbukumbu. Mwanafunzi alipaswa kumsikiliza, kumfuata na kumsaidia kukumbuka. Tazama mabadiliko ya fikira. Katika tepu mwanafunzi alikuwa kasuku. Katika PLATO alikuwa mtahiniwa. Katika hadithi hii alikuwa mtu mwenye shughuli, na lugha ikawa njia ya kuitimizia shughuli hiyo. Kilichobadilika hapo hakikuwa kompyuta peke yake, bali pia jibu la swali hili la zamani: kujua lugha ni kujua nini? Kila kizazi cha mashine kilibeba tumboni jibu la walimu wa zama zake.

Santuri hizo zilikuwa ghali, na wachache walizipata. Kilichobomoa ukuta wa darasa ni mtandao. Tim Berners-Lee alipendekeza Wavuti mwaka 1989 alipokuwa akifanya kazi Uswisi, katika kituo cha utafiti cha CERN, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kiliutoa utumike na watu wote bila malipo. Kwa mwanafunzi wa Kihispania maana yake ilikuwa hii: zamani gazeti la Madrid au la Buenos Aires lilimfikia limechakaa, kama lilimfikia kabisa, sasa aliweza kulisoma asubuhi ile ile lilipotoka. Instituto Cervantes, taasisi iliyoundwa na Hispania mwaka 1991 kueneza lugha na utamaduni wake, ilifungua mwaka 1997 kituo chake ndani ya mtandao, chenye mazoezi na maandishi kwa walimu na wanafunzi. Kamusi ya Akademia nayo iliwekwa humo, na mtoto wa kijijini akaweza kuuliza maana ya neno kwa wazee wa lugha wenyewe.

Lakini jambo lililo bora kuliko hayo, kwa maoni yangu, lilikuwa rahisi kuliko yote. Katika miaka ya 1990 walimu wa Ulaya, wakiongozwa na Helmut Brammerts wa Chuo Kikuu cha Bochum nchini Ujerumani, walijenga mpango wa Tandem. Mwanafunzi anayejifunza Kihispania aliunganishwa kwa barua pepe na Mhispania anayejifunza lugha yake. Nusu ya barua iliandikwa kwa lugha hii, na nusu kwa lugha ile. Kila mmoja alimsahihisha mwenzake, na hakuna aliyemlipa mwingine. Leo kwa mkono wangu, kesho kwa mkono wako. Hapa mashine haikujifanya mwalimu. Ilikuwa daraja tu, na juu ya daraja wakapita watu wawili, kila mmoja akiwa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Kosa liliposahihishwa, lilisahihishwa na mtu aliyetaka kuelewa kilichokusudiwa, na huo ndio usahihisho ambao moyo haukatai.

Baada ya daraja likaja soko. Luis von Ahn, mzaliwa wa Guatemala ambaye Kihispania ni lugha yake ya mama, alikuwa profesa wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon mjini Pittsburgh. Pamoja na mwanafunzi wake Severin Hacker alianzisha programu iitwayo Duolingo, iliyofunguliwa kwa watu wote mwaka 2012. Kozi yake hutumika bila malipo katika simu, katika vipande vidogo vya dakika chache, na humhesabia mwanafunzi siku alizohudhuria mfululizo ili asikatize. Kihispania kilikuwa miongoni mwa lugha zake za kwanza, na mamilioni wamekianza humo. Hata Kiswahili kimeingia: kozi ya Kiswahili kwa wasemao Kiingereza ilifunguliwa mwaka 2017, kwa msaada wa watu wa Peace Corps, shirika la Marekani la kujitolea.

Ndani ya programu za namna hii kuna jambo linalofaa kutazamwa kwa makini. Huko Guatemala watu wanaozoeana huitana vos. Huko Hispania rafiki huitwa tú, na marafiki wengi huitwa vosotros. Na katika Amerika yote wengi huitwa ustedes. Programu haiwezi kufundisha yote kwa anayeanza, basi huchagua. Duolingo, ijapokuwa mwanzilishi wake mmoja ni Mguatemala, ilichagua kumfundisha anayeanza tú, si vos. Sisi tunaijua hali hii. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, na Kimvita, lugha ya mji ule ule uliokutanisha mkutano, kikaachwa kando. Uchaguzi wa namna hiyo una faida, maana bila ya kipimo kimoja vitabu havichapwi. Lakini mwanafunzi asiyejua kwamba uchaguzi ulifanywa atakutana na mzee wa Mombasa, au mama wa Guatemala, adhani kwamba ni yeye asiyejua lugha yake mwenyewe.

Mwaka 2020 maradhi ya korona yalifunga shule karibu dunia nzima, na kwetu Kenya zilifungwa mwezi wa Machi. Ghafla, yale yaliyokuwa majaribio ya wachache yakawa njia pekee. Madarasa ya Kihispania yalihamia katika vioo vya kompyuta, na dunia ikaona kwa macho yake jambo ambalo hesabu za TICCIT zilikuwa zimekwisha kulisema. Mwanafunzi mwenye umeme, chombo, chumba cha faragha na mzazi wa kumhimiza aliendelea. Asiye na hayo alitoweka katika orodha, na kioo hakikumtafuta. Katika nchi yetu wako watoto waliopanda kilima kutafuta mawimbi ya simu, na wako waliokosa hata simu ya kupanda nayo kilimani.

Mwisho wa mwaka 2022 ilitokea ChatGPT, mashine inayoandika kama mtu, na mwezi wa Machi 2023 Duolingo nayo ilianza kutoa mazungumzo ya namna hiyo, kwanza kwa wanafunzi wa Kihispania na Kifaransa. Yaonekana, basi, kwamba mashine imepata vyote: kinywa, jicho na sikio. Mwanafunzi husema, nayo hujibu. Hukosea, nayo humweleza kosa lake. Shida ya dakika moja niliyokuhesabia mwanzoni yaelekea kutatuliwa, kwa kuwa sasa kila mwanafunzi anaweza kusema dakika 40 kamili. Ni neema kubwa, na anayeidharau hajawahi kukaa nyuma ya darasa akingoja zamu isiyofika.

Hata hivyo mashine hizi mpya zina kasoro mpya. Hutunga jibu linaloelekea kuwa sawa, na linapokuwa si sawa hulitoa kwa sauti ile ile ya uhakika, bila ya kusita. Mwanafunzi anayeanza ndiye asiyeweza kulitambua kosa, na ndiye anayeitegemea zaidi. Tena zitaandika insha ya Kihispania kwa niaba yake, safi isiyo na doa, na mkono wake ubaki mtupu. Insha haidaiwi mwanafunzi kwa sababu mwalimu ana haja ya karatasi. Inadaiwa kwa sababu katika kuiandika kuna jambo linalojengeka kichwani mwake. Anayemtuma mwingine kumlia chakula hatashiba.

Msomaji, huenda hujifunzi Kihispania. Huenda unajifunza Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu, au unajitahidi na Kiingereza, au Kiswahili chenyewe ni lugha yako ya pili. Historia hii ni yako vilevile. Itakapoletwa shuleni kwako mashine mpya, na bila shaka italetwa, usiulize kwanza ina nguvu kiasi gani. Uliza maswali matatu. Je, inanifanya niseme, au inasema kwa niaba yangu? Je, inanikutanisha na watu wenye lugha hiyo, au inanifungia kibandani kama tepu za zamani? Na nikisimama njiani, ni nani atakayegundua kwamba nimesimama? Majibu ya maswali mawili ya kwanza yanaweza kuwa ndani ya mashine. Jibu la tatu halijapata kuonekana humo: tangu vibanda vya mwaka 1958 hadi simu ya leo, limekuwa ni mwalimu, mzazi, au rafiki aliyeandika barua akangoja kujibiwa.

Basi itumie mashine kwa bidii, maana aliyepewa jembe zuri akalima kwa kucha hana wa kumlaumu. Irudie sentensi mara mia mbele ya chombo kisichochoka. Kisha ondoka mbele ya kioo umtafute mtu, useme naye. Na akikurekebisha, shukuru.